Bukini Aliyekataa Koti

Vijana wa idara ya watoto, siku mliyonikatia keki mlitaka niseme maneno mawili, nami nikasema mawili tu: asanteni, kwaherini. Niliona nyuso zenu zimeshuka. Basi leo nimekaa jikoni kwangu, chai iko pembeni, mume wangu nimemfukuzia sebuleni na televisheni yake, naandika yale ambayo keki ilinizuia kusema. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini na mshahara ulikuwaje akawaulize watu wa utawala. Mimi nitawaeleza habari za kitabu kimoja na bata.

Nilianza kazi kwenye tawi letu la North York, hapa Toronto, mwaka 2001, katikati ya majira ya baridi. Morogoro nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi; hapa nilianzia kurudisha vitabu rafuni, na sikuona aibu, kwa sababu rafu ndiyo inayokufundisha maktaba. Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kisigino, vya kanisani, nikidhani ofisi ni ofisi. Mkuu wa idara ya watoto alikuwa mwanamke mrefu mwembamba aliyeitwa Maureen. Wazazi wake walitoka Uskochi, na sauti yake ilikuwa ya chini, utadhani anakupa umbeya. Alinitazama miguuni, akaingia chumba cha nyuma, akatoka na raba za mtu aliyekwisha kuacha kazi.

"Kazi yetu ni ya magotini," akasema.

Na kweli. Rafu za watoto ni fupi, watoto wenyewe wafupi, na mpaka nastaafu magoti yangu ndiyo yaliyodai likizo kuliko kiungo kingine chochote.

Maureen ndiye aliyenifundisha kusoma kwa sauti. Mtasema, ala, mwalimu mzima hajui kusoma kwa sauti? Nilijua kusomea darasa lililojaa mpaka mlangoni, yaani nilijua kupiga kelele. Yeye alinionyesha kwamba ukishusha sauti watoto wanasogea. Alikuwa na masharti yake. Usianze sauti ya mnyama usiyoweza kuimaliza. Ukikoroma sura ya kwanza utakoroma mpaka ya mwisho, kwa kuwa watoto hawasahau. Anayekukodolea macho huenda amelala; anayechezea zipu ya koti ndiye anayesikiliza. Funga kitabu wakati bado wanataka. Na kitabu chenye picha kishike kifuani, kurasa ziwatazame wao, si wewe. Maneno uwe unayajua kabla. Hilo la mwisho lishikeni, tutalirudia.

Alinifundisha pia kutibu vitabu, kwa gundi nyeupe, brashi na kile kipande cha mfupa cha kulainishia mikunjo. Siku hizi kitabu kikichanika mnaagiza kingine. Haya, ndiyo maendeleo. Lakini kitabu ulichokishona mgongo kwa mkono wako hukisomi ovyo.

Niliyemshona zaidi ya wote ni huyu ninayetaka kumzungumzia. Nimesema "huyu" makusudi, maana tumeishi naye. Jina lake sitalitaja. Nikilitaja, kila Mwingereza atakayepata habari atanipigia simu kunieleza alisomewa na nani na akiwa na umri gani. Ni riwaya ya watoto ya kale, ya huko Uingereza, iliyoandikwa enzi za taa za mafuta, na sentensi zake ni ndefu kwa sababu ilikusudiwa isomwe kwa sauti, familia nzima imekaa mbele ya moto. Kuna mjane mwenye kinu cha kusagia ngano kinachozungushwa na maji ya mto. Ana watoto watatu. Na kuna bata bukini, jike, mwenye kiburi cha kupitiliza, anayezungumza na wale watoto lakini mbele ya watu wazima anajifanya hajui lolote. Kila sura ina picha moja ya wino mweusi, na chini ya picha hakuna maelezo hata neno moja.

Maureen alikuwa akikisoma kila majira ya baridi, Jumamosi asubuhi, sura moja kila wiki, wazazi na watoto pamoja. Mwaka 2003 koo lake likamsumbua, akanikabidhi mimi. Nilikuwa na hofu ya kweli. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani, na kile kitabu kilikuwa na maneno ambayo hata Maureen aliyaruka. Lakini Jumamosi ya kwanza nilipoinua macho niliona watu wangu: akina mama wa Kikenya waliotoka zamu ya usiku hospitalini wakisinzia kwa haki yao, familia mbili za Kikongo, Wazungu wachache na chai yao kwenye chupa za moto, na wale jamaa zetu wa Kihindi wa Afrika Mashariki, Waismaili, ambao ukiwasalimu kwa Kiswahili wanakurukia shingoni. Watoto walikuwa ni wale mnaowajua. Unawaita kwa Kiswahili, wanakuja. Unawauliza kwa Kiswahili, wanakujibu Kiingereza.

Miongoni mwao alikuwapo Alia, kasichana ka miaka sita kenye pengo la meno ya mbele, anayekuja na bibi yake mzaa mama. Alimwita Nanima, kama wanavyoita kwao. Sisi wengine tulimwita Mama Gulbanu. Alizaliwa Tabora, babake alikuwa na duka la vitambaa, na alikuja Toronto kwa binti yake kumlea huyo mjukuu. Alikaa nyuma, karibu na hita, akifuma sweta, na miwani yake ilikuwa kichwani kila wakati, sijui ilikuwa inasoma dari.

Nilikuwa nimeshamhisi mapema. Siku moja ya sikukuu nilipita tawini kuchukua mfuko niliousahau, nikamkuta amesimama na Alia mlangoni, anavuta kitasa, na mbele ya uso wake kuna tangazo kubwa kwamba tumefunga. "Nimesahau miwani," akaniambia, miwani iko kichwani. Mweleweni vizuri lakini. Mama Gulbanu hakuwa mtu asiyesoma. Alisoma shule Tabora kwa Kigujarati, na magazeti ya Kigujarati aliyamaliza mpaka matangazo ya vifo. Kiingereza ndicho kilichompita pembeni.

Sasa ikafika Jumamosi ya sura ya hakimu. Kwenye kitabu, jirani mwenye roho mbaya anadai yule bukini ni wake, na bukini anapelekwa kwa hakimu. Picha inamwonyesha bwana mnene nyuma ya meza, ana muhuri mkononi, na juu ya meza amesimama bukini, shingo ndefu juu. Nikasoma, nikawaonyesha picha, nikasema hakimu alikohoa.

"Si hakimu!" Alia akasimama. Alisema kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. "Huyo ni bwana wa uwanja wa ndege. Wa kugonga pasipoti. Amemkataza asiingie Kanada kwa sababu hana koti."

Watoto wakacheka. Alia hakucheka. "Iko kwenye kitabu," akasema. "Tunacho nyumbani, tuliazima hapa hapa. Nanima amenisomea."

Nikatazama nyuma. Sindano za kufumia zilikuwa zimesimama. Mama Gulbanu ameinamisha kichwa, na ile rangi yote imemtoka usoni. Jamani, nilielewa mambo yote kwa mpigo mmoja. Nakala ya pili ya tawi ilikuwa kwao, na yule mama alikuwa akiifungua kila siku, anatazama picha, na anatunga yake. Mtoto alikuwa akiamini anasomewa. Na mimi hapo mbele, na Kiingereza changu cha kuazima, nilikuwa nusura nimvue nguo bibi wa watu mbele ya mjukuu wake.

Kabla sijafungua mdomo, baba mmoja Mzungu, mpole kabisa, ambaye alizoea kuja na nakala yake mwenyewe na kufuatilia kwa kidole, akasema, "Samahani, changu hakina habari ya koti."

"Chako kimechapwa wapi?" nikamuuliza.

"London."

"Ahaa," nikasema, nikatikisa kichwa kama daktari. Yule baba akakigeuza kitabu chake, akatazama jalada. Mpaka leo sijui alielewa nini.

Kisha nikapiga magoti mbele ya Alia. "Hapa tunasoma ya hakimu," nikamwambia. "Nyumbani kwenu mnasoma ya uwanja wa ndege. Hiyo mimi siijui. Tusimulie."

Akaanza kwa Kiingereza, mbio mbio, jinsi bukini alivyosafiri na kufika na kupanga foleni. Akafika mahali bwana wa muhuri anapomzuia, akakwama. Akatazama juu, akatazama chini. Yale maneno alikuwa hajawahi kuyasikia kwa Kiingereza. Basi huyo mtoto, ambaye tangu nimjue sijamsikia akitamka hata "ndiyo", akavuta pumzi, akanyoosha shingo, akasema kwa Kiswahili safi cha Tabora: "Bila koti, Bi Shingo, hapa hupiti! Bi Shingo akasema, nina manyoya yangu, koti la nini?"

Lo! Wale mama wa Kikenya waliokuwa wamesinzia waliamka wote. Mmoja akapiga paja. Watoto wa Kikongo wakaanza kurudia, koti la nini, koti la nini. Mimi machozi yalinilenga, na sikuyaficha, nikajifuta kwa mkono wa sweta.

Watu walipoondoka, Mama Gulbanu alimtuma Alia akachague vitabu, akaja mezani kwangu.

"Umenistiri," akasema.

"Sijafanya kitu, Mama."

"Umenistiri, Rehema, usinikatalie." Akashika ukingo wa meza. "Mama yake anaondoka asubuhi, anarudi giza. Huyu mtoto nikimsemesha Kikachi, lugha yetu ya nyumbani, hanijibu, nikimsemesha Kiswahili hanijibu. Anajibu Kiingereza, mimi sikijui. Tumekaa nyumba moja kama wapangaji. Siku moja kaja na hicho kitabu, kaniwekea mapajani, kanambia soma. Neno 'soma' alilijua! Ningefanyaje? Nikafungua, nikaona bata, nikaanza."

"Kwa nini kwa Kiswahili?"

"Hadithi zote nilizopata utotoni nilipewa na yaya wetu, Mnyamwezi, jioni kwenye ngazi za nyuma za duka. Mimi lugha nyingine sina hadithi ndani yake." Akatazama kule kwenye rafu, Alia alikuwa amekaa sakafuni. "Akijua sisomi, atakifunga. Akikifunga, hatakaa na mimi tena. Nimekwisha."

Nikamwambia basi tufanye hivi: kila Ijumaa aje mapema, nimweleze kwa Kiswahili sura inayofuata inasema nini, ili yake na yangu zisigongane. Akarudi nyuma hatua kama nimemwonyesha nyoka.

"Usiniambie! Ukiniambia ya Wazungu, yangu itakufa. Usithubutu."

Kwa hiyo tukafanya kinyume. Yeye ndiye aliyekuwa akija Ijumaa kuniambia ya kwake, nami najipanga. Nikirudi kazini kwangu nilikuwa nacheka chini kwa chini. Picha ya mjane anakanda mkate, kwake ni mama anayepika pilau ya Idi na majirani wamelalamikia harufu. Picha ya mafuriko, kwake ni siku bomba lilipasuka kwenye ghorofa lao la barabara ya Bathurst na mwenye nyumba hapokei simu. Bukini alipotea ndani ya treni ya chini ya ardhi, akashukia kituo cha mwisho, akatafuta kazi, akaambiwa hana uzoefu wa Kanada. Mama wa Kikenya mmoja aliposikia hilo kwa Alia alisema, "Ai, huyo bata ni mimi kabisa."

Niliona nimweleze Maureen, maana idara ilikuwa yake. Nilijiandaa kusutwa. Alinisikiliza huku akipaka gundi kwenye mgongo wa kamusi.

"Mpe kiti cha mbele," akasema. "Wewe usome sura, kisha yeye aisome kwa Kiswahili."

"Maureen, sijakwambia kwamba hasomi?"

"Nimesikia." Akaendelea kupaka. "Mwambie akishike kifuani, kikiwatazama watoto. Hapa kwetu ndivyo tunavyosoma. Nani atashangaa akiwa hatazami maneno?"

Nyie mnajisifu kwa mafunzo yenu ya kompyuta. Mimi nasema sijaona akili ya kazi kama ile.

Mama Gulbanu alikataa wiki mbili tatu, akijidai ana mafua. Mwishowe akakubali, akaja amevaa gauni la sherehe na miwani safari hii iko machoni. Akakaa, akashika kitabu kifuani kama alivyofundishwa, akaita, "Hadithi, hadithi!" Watoto kimya. Wamezoea kwamba maktabani ni kukaa kimya. Akanitazama kwa ukali. "Hawa hawajafundishwa? Mimi siwezi kusimulia ukuta." Basi nikawafundisha kuitikia, "Hadithi njoo!", na alikuwa akiwasimamisha katikati, wasipoitikia vizuri anafunga kitabu kweli. Yule baba wa nakala ya London ndiye aliyekuwa akiitikia kwa sauti kuliko wote. Alia alikaa miguuni pa bibi yake, na kazi yake ilikuwa kufunua kurasa. Alifunua mahali penyewe kila mara.

Tukaendelea hivyo kila majira ya baridi, miaka na miaka. Mwisho wa hadithi aliutunga mapema na hakuubadilisha tena: mtoto mdogo kuliko wote anavua koti lake, anamvisha Bi Shingo, na wote wanapita. Bukini anafika ghorofani Bathurst na kulalamikia lifti.

Kazi nayo ilikuwa inabadilika. Muhuri wa tarehe ukaondoka, ikaja mashine ya mtu kujiazimia mwenyewe, ambayo ilinipa kazi maradufu kwa sababu kila mtu aliniita nije nimwonyeshe jinsi ya kujihudumia. Maureen akastaafu, akaniachia kile kipande cha mfupa. Familia ya Alia ikahamia Richmond Hill, Jumamosi zikawa ngumu, na Mama Gulbanu akaanza kutembelea kigari cha kushikilia. Vikaja vishikwambi. Ule usomaji wa familia ukahamishiwa kwingine, ukafupishwa, ukafa bila mazishi. Niliumia, nisiseme uongo. Nilikaa chumba cha nyuma nikatia gundi vitabu ambavyo havikuwa vimechanika.

Halafu kiangazi kimoja, akaingia msichana mrefu, nywele fupi, anatafuta mahali pa kufanya zile saa za kujitolea wanazodaiwa na shule ya sekondari. "Anti Rehema, hunijui?" akasema kwa Kiingereza. Nilimjua alipocheka, ingawa pengo lilikuwa limejaa zamani.

Nikampa wadogo wa chekechea awasomee. Akaenda moja kwa moja rafuni, akatoa kile kitabu, akakishika kifuani kurasa zikiwatazama watoto, na akaanza: "Hadithi, hadithi!" Kiswahili chake kilikuwa na pua ya Toronto, lakini maneno yalikuwa ya Nanima wake, pilau, bomba na yote. Nilisimama mlangoni na kigari cha vitabu, nikashindwa kusukuma.

Wakati wa chai nikamuuliza. "Alia, ulijua lini?"

Hakuuliza kujua nini. "Darasa la pili. Nilikisoma chote kwenye basi la shule. Nilidhani labda nimekosea kitabu."

"Na hukumwambia?"

"Ningemwambiaje, Anti? Angeona aibu, angeacha." Akazungusha kikombe. "Niliogopa ataacha kunisomea."

Nikamwambia kwamba bibi yake aliogopa hivyo hivyo, kwamba mjukuu angekifunga kitabu na kumwacha amekaa peke yake. Alia akaweka kikombe chini, akalia pale pale, nami nikamwacha alie, kwa kuwa kile ni kilio cha heri. Halafu nikamkumbusha kwamba dakika za chai zimekwisha. Kazi ni kazi.

Sasa nafika kwenye wiki yangu ya mwisho, mwaka juzi, ambayo baadhi yenu mlikuwapo ila mlikuwa mnatafuta kisu cha keki. Alia alimleta bibi yake kwa gari kutoka Richmond Hill, theluji inaanguka. Mama Gulbanu amekuwa mdogo mno, amezama ndani ya sweta alilofuma mwenyewe. Aliingia na kigari chake mpaka idara ya watoto, akakaa kwenye kile kiti chake cha zamani, akanielekeza nikae mbele yake.

"Unaondoka," akasema.

"Naondoka, Mama."

"Mimi pia sikai sana. Usinitazame hivyo, nasema kweli tu. Sasa nieleze. Bukini wa Wazungu, mwisho wake nini?"

Nikamtazama Alia. Alia akainua mabega, akaenda kukileta kitabu. Nilikifungua sura ya mwisho, nikamsomea kwa Kiswahili, nikitafsiri njiani, polepole. Mjane anauza kinu. Familia inahamia mjini, ambako hakuna mahali pa kufuga bata. Bukini anaachwa kwa jirani mwema. Asubuhi ya kuondoka watoto wanageuka nyuma kutoka kwenye mkokoteni, na bukini amesimama juu ya ukuta, hasemi kitu, kwa sababu watu wazima wapo. Mkokoteni unakata kona.

Mama Gulbanu akangoja. "Enhe?"

"Ndiyo mwisho, Mama."

"Wamemwacha?"

"Wamemwacha."

"Wakarudi kumchukua?"

"Kitabu kimeishia hapo."

Akasonya, msonyo mrefu wa Tabora uliomfanya mtoto aliyekuwa kwenye kompyuta ageuke. "Kitabu kizima kile, mkokoteni mzima, wameshindwa kubeba bata mmoja! Na hicho ndicho mnachowasomea watoto wa watu?" Akanipokonya kitabu, akakifunga, akakipiga kofi jaladani. "Yangu nzuri."

"Yako nzuri, Mama," nikasema, na sikumwongopea.

"Mimi sikuachwa ukutani," akasema taratibu. "Binti yangu alinileta." Nilimshika mkono, ulikuwa baridi licha ya hita.

Giza lilikuwa linaingia mapema, kama mjuavyo Desemba ya hapa, na barabara za kaskazini hazitaki mchezo. Alia akasema ni wakati wa kwenda. Alichukua koti kubwa la bibi yake kwenye kiti, lakini lilikuwa bado limelowa theluji, kwa hiyo akavua la kwake, likiwa na joto lake, akamwinamia.

Mama Gulbanu akamsukuma mkono. Akanyoosha shingo yake, akatutazama kwa kiburi kutoka juu mpaka chini. "Nina manyoya yangu," akasema. "Koti la nini?"

Na Alia, ambaye tangu waingie alikuwa akimjibu bibi yake kwa Kiingereza, akasimama wima, akakunja uso, akagonga muhuri wa hewani juu ya meza yangu.

"Bila koti, Bi Shingo," akasema, "hapa hupiti."

Bibi akanyoosha mikono, akavishwa.